Mirija Miwili ya Werema

Boke alipofariki masika yalikuwa katikati na mtama umefika magotini. Werema alimzika mkewe nyuma ya nyumba. Matanga yalipokwisha akachukua jembe kwenda kupalilia, akafika katikati ya shamba akasimama. Hakujua aanzie upande gani. Shamba lilikuwa lake, amelilima tangu ujana. Akarudi nyumbani akakaa.

Watu wa Kemambo walimjua kama mchoma matofali. Kanisa la misheni lilijengwa kwa matofali yake. Walidhani ni mtu wa kukata shauri, kwa kuwa alisema kidogo, na akishasema hageuki. Hawakujua ndani kulikuwaje. Jambo likitokea, Werema alilipeleka kwa Boke jioni, mkewe yuko kwenye chungu anasonga ugali. Alilieleza lote, upande huu na upande ule. Boke hakumjibu. Alisonga tu, halafu akauliza kitu kidogo. Ndugu walipotaka kuhamia bondeni Boke aliuliza, "Na maji yakijaa, mbuzi watalala wapi?" Basi. Asubuhi Werema alisimama mbele ya ndugu zake akasema hahami, na wote wakasifu akili yake.

Sasa mambo mawili makubwa yakamjia kwa msimu mmoja, na wa kumuuliza hayupo.

La kwanza lilikuja na mjomba wake Wangwe, kitinda mimba kwao marehemu mama yake. Wangwe alikuwa nyapara huko Kericho, kwenye mashamba ya chai, na alikuwa amekuja likizo. Alimwita Werema kwake, kwenye chungu cha pombe.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Umekonda, mpwa wangu. Nani anakupikia?"

"Majirani wanaleta."

"Leo wanaleta, kesho watachoka. Sikia. Kampuni yetu inajenga nyumba za vibarua kilima kizima, na tofali zao zinapasuka kama mikate. Nimewaambia nina mtu kwetu. Utakuwa mkubwa wa tanuru. Unga unapewa, maziwa unapewa. Na nyumba ya bati, wewe mwenyewe ndani."

Werema alisikia moyo ukilegea. Nyumba ya bati. Baridi ya Kericho ni nzuri, inasemekana, na chai ni kijani mpaka macho yanaishia. Wangwe akatoa mrija wake kinywani, akampa. Kwao, mtu akishaelezwa maneno kisha akapokea mrija akanywa, amekubali. Na mjomba hakataliwi. Werema akanywa.

Jumapili yake akaja Kisyeri. Huyu alikuwa rika lake hasa. Walisimama bega kwa bega siku ya tohara, kisu kimoja, na watu wa namna hiyo hawanyimani kitu mpaka kufa. Kisyeri alipigana vita vya Burma, akarudi, nyumbani kukamshinda, akaenda Uganda. Alivaa kofia ya kijeshi hata kanisani.

"Werema, unaoza hapa," alisema walipokaa kwenye chungu. "Jinja wamefungua bwawa mwaka jana, na mji wote sasa unajengwa. Bwana mkubwa wetu ni Mhindi, anataka mtu wa tofali, na atakufundisha na saruji. Ukirudi hapa huchomi tena udongo. Unajenga ghorofa."

"Ghorofa Kemambo?"

"Utakaa juu, uwatemee mate watu wa chini."

Werema akacheka. Tangu masika hakuwa amecheka. Saruji aliitamani tangu alipoiona misheni, unga ule unaogeuka jiwe. Kisyeri akampa mrija, na Werema akanywa hata kabla ya kufikiri.

Alipokuwa njiani kurudi nyumbani ndipo alipomkumbuka mjomba.

Tangu siku hiyo hakutulia. Akiamka, ni Kericho. Akinawa uso, ni Jinja. Akikutana na Wangwe alimwambia ndiyo, na ilikuwa kweli moyoni. Akikutana na Kisyeri alimwambia ndiyo, na hiyo nayo ilikuwa kweli. Jioni alikaa jikoni akayaeleza yote kwa sauti, upande huu na upande ule, akangoja. Mafiga yalikuwa baridi.

Binti yake Christina, aliyeolewa Mbalibali, alikuja kumsaidia kufunga mizigo.

"Baba, nifunge nguo za baridi au za joto?"

"Funga zote."

"Unakwenda wapi hasa? Mjomba wako anasema Kericho. Mzee Kisyeri nimemkuta kisimani anawaambia watu Jinja."

Werema alijikuna kichwa. "Nilikunywa kwa wote wawili."

Christina aliacha kamba. "Kwa wote? Baba, hata mtoto hafanyi hivyo."

"Ningemkatalia nani? Wewe niambie."

Christina aliiokota kamba, akakaza fundo. Baadaye akasema taratibu, "Mama angesemaje?"

"Mama yako hakuwa anasema. Alikuwa anauliza."

"Basi angeuliza nini?"

"Ndiyo hiyo siijui," alisema Werema, akatoka nje kuangalia mbuzi.

Bahati yake, au balaa yake, njia ya Kericho na njia ya Jinja ni moja mpaka Kisii. Siku ya safari wote watatu walikutana Tarime kwenye basi, Wangwe na Kisyeri kila mmoja akijua Werema ni wake. Walikaa kiti kimoja, yeye katikati. Walipopita Sirari, Wangwe alisema, "Kericho utahitaji koti." Kisyeri akasema, "Jinja hakuna haja ya koti, mjomba." Hapo wakatazamana juu ya kichwa cha Werema. Mpaka Kisii kila mmoja alikaa ameangalia upande wake.

Kisii, lori la Kericho lilikuwa linangoja upande wa pili wa barabara. Wangwe alishuka na mzigo wa Werema. Kisyeri akashuka, akaunyakua, akaurudisha ndani ya basi. Wangwe akaushusha tena.

"Mpwa, ulikunywa kwangu kwanza."

"Aliyemnywesha mwisho ndiye anayekumbukwa," alisema Kisyeri.

"Wewe nyamaza. Kofia imekupanda kichwani."

Kondakta, Mjaluo mrefu, aligonga bati. "We mzee, panda ama shuka. Gari si ya babako."

Werema alikuwa ameshuka ngazi moja, mguu mmoja hewani. Aliwatazama wote wawili. Alitaka kusema tafadhali mniache nirudi nyumbani. Lakini kilichotoka kinywani kilikuwa kingine, na hakujua kimetoka wapi.

"Jioni nitaongea na nani?"

Wangwe aliuweka mzigo chini.

"Kuongea?" alisema Wangwe. "Nimekuambia una nyumba yako. Mlango wako, ufunguo wako. Mkubwa wa tanuru haketi na vibarua. Nani atakusumbua?"

Kisyeri alivua kofia. Jambo hili alikuwa amelificha tangu mwanzo. "Mimi sikukuambia," alisema. "Kule tunalala wanne chumba kimoja. Wanabishana mpaka usingizi. Mmoja anakoroma kama fahali. Si pazuri, Werema."

Werema alirudisha mguu ndani ya basi.

"Mjomba," alisema, "mbuzi mweusi yuko kwa Christina. Ni wa kulipia mrija wako. Mchukue, unisamehe."

"Mbuzi atanichomea matofali?" Wangwe aliukamata mzigo, akaushika kidogo kifuani, halafu akaupandisha mwenyewe. Hakumbariki wala hakumlaani. Alivuka barabara bila kugeuka, na Werema alimfuata kwa macho mpaka lori lilipomficha.

Basi liliondoka. Kisyeri alianza kusema papo hapo, habari za Jinja, za mto, za Mhindi, neno juu ya neno. Werema hakusikia hata nusu. Alifikiri ile nyumba ya bati, na mlango wake, na akaona huenda amekosea. Kisha akafikiri mlango huo jioni ukiwa umefungwa. Hakujua. Walipokuwa wanashuka kuelekea ziwani, alimgusa Kisyeri goti.

"Huyo anayekoroma," aliuliza, "ni mtu wa wapi?"

Kisyeri akaanza kumweleza.