Mfereji wa Usiguse

Niliondoka mtaa wa Baba Dogo kwa sababu shemeji alikuwa ametoa neno lake la mwisho. Shemeji ni karani wa reli, na kwa wiki hutoa maneno ya mwisho matano, ila hili lilikuja na tikiti ya basi. Binti yake Nafula, wa miaka sita, haoni wala hasikii. Jumatatu angepelekwa kwa nyanya yake kule magharibi, akae huko moja kwa moja, kwa kuwa "mtoto haelewi kitu." Mimi ni mdogo wa mama yake. Niliomba nipewe Jumamosi moja tu.

Ng'ambo ya mto Mathare, watu walisema, kuna mfereji, bomba la maji la mtaa, ambapo mwalimu mmoja alimmwagia mtoto kama huyu maji mkononi, akimwandikia neno kiganjani, mpaka mtoto akaelewa. Kamati ya mtaa ikapafanya ukumbusho.

"Huyu wetu akielewa lolote," shemeji akasema, "nitaila hii tikiti."

"Kwa chai au kavu?" nikamuuliza.

Saa mbili asubuhi tulitoka kwa miguu. Nafula alinishika mkono bila wasiwasi. Mchana yeye hushinda nami kibandani, ninakouza makoti ya mitumba. Kila koti huwa tunahesabu vifungo vyake pamoja: kidole chake juu ya kifungo, kisha nampiga pigo moja kiganjani. Halafu tunarudia, maana simwamini mtu, nami mwenyewe nikiwemo. Usiite ualimu. Nilikuwa namzuia asivitafune.

Saa tatu tulivuka mto Mathare. Daraja lilikuwa na mbao tisa. Nilizihesabu tena, zikawa tisa. Mama mmoja aliyekuwa akifua aliuliza, "Mnampeleka hospitali?"

"La, mama. Tunatembelea mambo ya kale."

Saa nne tulifika. Mfereji ulikuwa umezungushiwa ua wa chuma. Kwenye bamba la saruji waliandika: HAPA MTOTO ALIELEWA KWA KUGUSA. Chini yake, kwa rangi nyekundu: USIGUSE. Mlinzi, Mzee Kamau, aliketi langoni na rungu, akiilinda historia isije ikaibwa.

"Kugusa ni bei gani, mzee?"

"Hakuna bei. Ni kinyume cha sheria."

"Na kinyume cha sheria ni bei gani?"

Alitaka kucheka, akajizuia. Niliangalia koti lake la kazi: vitundu vinne, vifungo viwili. Nikamwambia nitamshonea viwili vilivyobaki, vya shaba, vinavyofanana. Alitaka na mfuko uzibwe. Tukakubaliana vifungo, na mfuko nusu.

Akafungua lango. Mfereji haukuwa na maji. Kamati iliyakata, alisema, ili usichakae. Ilibidi tuombe kopo la maji kwa akina mama waliopanga foleni kwenye mfereji mwingine, ule usio na sifa. Nikammwagia Nafula mkononi, nikachora kiganjani. Alikung'uta mkono, akajifutia kwenye rinda langu. Nikarudia. Akajifuta tena.

"Basi historia imelowa," nikasema. Jumatatu ilikuwa karibu.

"Yule wa kwanza alichukua miezi," Mzee Kamau akasema. "Mwalimu alikuja hapa kila siku, nasi tukimcheka. Mimi nilicheka kuliko wote. Sasa nalipwa kupalinda."

Nikatoa sindano na vifungo mfukoni, nikaanza kushona, koti likiwa mwilini mwa mzee. Nafula akalishika. Nilipomaliza kifungo cha kwanza, vidole vyake vilipanda na koti, akautafuta mkono wangu, akanipiga kiganjani: mapigo matatu. Nikadhani mazoea tu. Nikashona cha mwisho. Akapanda tena na koti, akanipiga mapigo manne. Halafu akarudi chini, akahesabu upya. Manne.

"Anafanya nini?" mzee akauliza.

"Anakukagua," nikasema. Sindano ilikuwa imenichoma, na sikuwa nimesikia.

Jioni, tuliporudi Baba Dogo, shemeji alikuwa amevaa koti la reli, tikiti mezani mbele yake. Nikamweleza mapigo ya vifungo, nikamsogeza Nafula. Alipapasa koti la baba yake, akashika kiganja chake, akakipiga: sita.

"Ni vitano," shemeji akasema, kwa furaha ya mtu aliyeshinda.

Nafula akarudia. Sita. Shemeji akainamisha kichwa, akajikagua, akakikuta cha sita chini ya kola. Kisha akavua koti, akampa Nafula sweta alilovaa ndani ahesabu vifungo vyake, na akanyoosha kiganja tena.

Nilichojifunza safarini ni kwamba kule ng'ambo wamezungushia ua mahali pasipo penyewe. Mtoto alielewa palipokuwa na mtu aliyerudiarudia bila kuchoka, nami nilikuwa nimerudia miaka miwili nikidhani naokoa vifungo.

Jumatatu basi liliondoka bila Nafula. Tikiti shemeji hakuila, ingawa nilimkumbusha mara mbili.