Alama kwenye Sahani

Krr, krr, krr. Mpaka leo ninasikia kisu cha Tantine kikikwangua ukingo wa sahani ya plastiki. Nililala kwenye mukeka, ulimi nimeuuma, nguo imelowa mukojo. Yeye alikuwa anakata alama, ili mutu asikosee kula kwenye sahani yangu.

Mbele ya hapo nilikuwa mutoto wa kucheka. Lava ilimeza nyumba yetu, tukakimbilia kwa Tantine, dada ya papa, huku Lac Vert, pembeni ya Goma. Masomo yangu yakaishia pale. Lakini jirani yetu Bahati, mukubwa wangu niliyemuita yaya, alikuwa na game ya televizyo. Nikishika manette, kile kidude cha vifungo, ninaendesha gari kwenye barabara isiyo na jiwe hata moja. Nikaanza kuota kutengeneza game ya Goma, yenye chukudu, zile baiskeli zetu za mbao za kubeba mizigo, na volkano.

Kisha vita ikakaribia. Mabomu yakilia upande wa Sake, Bahati akashusha televizyo na batri kwenye shimo, katikati ya mawe ya lava.

"Huku chini risasi haifiki," akasema. Tukaona ana akili.

Asubuhi moja isiyo na upepo nikaketi chini kabisa ya shimo. Kichwa kikauma, pumzi ikawa fupi. Vidole vikaachia manette. Nikaanguka, mwili ukarukaruka. Bahati akanivuta juu kwa miguu.

"Ni game yake hiyo," Tantine akawaambia majirani. "Imemupatia kifafa. Musikule naye."

Akanifungisha siku mbili kwa maombi, bila chakula wala maji. Midomo ikapasuka. Papa, ambaye ni dereva, aliporudi safari akanibeba mpaka hospitali.

"Ulianguka wapi?" muganga akauliza, mama mumoja mupole.

"Kwenye shimo."

"Kuku hawajakufa pale?"

Papa akashika kichwa. Kuku wa Bahati walikuwa wamekufa pale pale. Ilikuwa mazuku, ile hewa mbaya inayotoka ardhini na kulala mashimoni. Lac Vert nzima tunaijua. Mabomu yalitusahaulisha. Papa akamueleza muganga pia maneno ya Tantine juu ya game na sahani.

"Kuna wagonjwa wa kifafa ambao mwanga wa televizyo unawaangusha," muganga akasema. "Huyu haiko hivyo. Na kifafa chenyewe hakipiti kwa sahani, Papa. Acheze, lakini juu, penye upepo, na asisahau kulala."

Mikono ilinitetemeka kwa wiki nyingi. Bahati aliniletea manette nyumbani. Mwanzo gari liligonga kila kona, tukacheka mpaka machozi. Polepole vidole vikanisikia.

Ninamushukuru Mungu, papa, muganga na Bahati. Tantine simushukuru. Wengine wanapenda ushuhuda uishie kwa musamaha. Wangu haujafika huko. Hata nilipopona aliendelea kunipakulia kwenye sahani ile.

"Ni mazoea tu, mama," akaniambia, bila kuniangalia.

Wazazi, mutoto akianguka, ulizeni kwanza ameanguka wapi, ndipo muulize alikuwa anacheza nini.

Jumapili iliyopita wote walienda misa. Nilibaki, nikasema tumbo linauma. Nikachukua kisu kile kile, nikakaa karibu na sahani za nyumba. Krr, ya papa. Krr, za wageni. Ya Tantine, yenye maua, nikaikata ya mwisho, na nikaikata sana. Kisha nikaziosha zote, nikazipanga, nikafunika na kitambaa.