Saa Tisa ya Baba

Kamera yangu ya kwanza haikununuliwa, iliokotwa. Mzungu mmoja wa bandarini aliyekuwa akirudi kwao aliiacha ofisini pamoja na takataka nyengine. Baba, ambaye alikuwa mnyapara wa wachukuzi katika bohari la karafuu, akaiomba kabla haijatupwa. Alikuja nayo nyumbani kwetu Kikwajuni ameifunga ndani ya kipande cha gunia, na gunia lilikuwa likinuka karafuu. Hadi leo nikisikia harufu ya karafuu hukumbuka picha kwanza, pilau baadaye.

Ilikuwa ni boksi jeusi lisilo na mengi: tundu la kuchungulia, kitufe cha kubonyeza na kijiti cha kuvutia mkanda. Ndani yake mlikuwa na karatasi ya maelezo kwa Kiingereza. Mimi nilikuwa na miaka kumi na saba, najifunza ushoni kwa fundi mmoja wa mjini, na Kiingereza changu kilikomea kwenye maneno yaliyoandikwa juu ya paketi za sindano. Baba akavaa miwani yake, akaitazama ile karatasi. Palichorwa jua, na chini yake tarakimu mbili, 9 na 3.

Alinitazama mimi, akaitazama tena karatasi.

"Inasema picha nzuri hupigwa kuanzia saa tisa," akasema. "Kabla ya hapo jua linaunguza mkanda."

"Na hii tatu?"

"Ndio mwisho wake. Saa tatu ya usiku. Lakini sisi tutakoma magharibi, ulafi si mzuri."

Basi ikawa sheria. Kwetu hakukuwa na saa ya ukutani, tuliishi kwa adhana, lakini saa tisa niliijua kama ninavyoijua sauti ya mama. Baba alitoka kazini saa nane, akasali adhuhuri, akala, akajinyoosha kidogo mkekani. Kisha mimi humsikia anakohoa mlangoni na baiskeli ishatolewa nje. Mimi hukaa nyuma kwenye karia na kamera mapajani, yeye anakanyaga, na mwavuli wake mweusi umefungwa kwenye bomba la mbele. Mwavuli huo haukuwa wa mvua. Kwa kuwa tulipiga wakati jua limeshainama, mara nyingi lilikuwa likituangalia usoni, na baba alisimama pembeni akaufungua ili kuikinga kamera. Katika picha zangu zote za miaka ile baba yupo na hayupo, ukitazama vizuri utaona ncha ya mwavuli pembeni.

Mkanda mmoja ulikuwa na picha nane, na picha nane kwetu zilikuwa za mwezi mzima. Tulikwenda bustani ya Forodhani kupiga watoto waliovishwa soksi kwa nguvu. Tulikwenda Mnazi Mmoja siku za Idi, kwenye pembea na visheti na wasichana wenye kanzu mpya zinazowawasha shingoni. Tulikwenda Kidichi, na huko ndiko nilikokupenda zaidi. Njiani alasiri hutukuta kwenye mashamba, baba akatandika shuka lake chini ya mikarafuu, tukasali, tukaendelea. Yale makuba meupe ya hamamu za kale, saa kumi na moja, huwa na rangi ya maziwa yaliyotiwa zaafarani. Nilikuwa sijui kama ule ni uzuri. Nilidhani ndivyo ulimwengu ulivyo kila ukipigwa picha.

Mikanda yangu ilisafishwa na Mhindi mmoja mwenye studio mjini, mtu mpole mwenye ulimi mkali. Picha zake alizipanga kwenye dirisha la kioo, na nusu ya mji ilisimama pale jioni kuzitazama. Hakuna bibi harusi niliyemtamani kuliko nilivyolitamani dirisha lile. Siku moja, mwaka wa pili nadhani, aliinua picha yangu ya Kidichi kwenye mwanga.

"Mbona zako zote giza giza?" akaniuliza. "Unapiga saa ngapi?"

"Saa tisa na kuendelea. Karatasi ya kamera imesema."

"Karatasi ipi?"

Nikampa. Nilikuwa nikitembea nayo imekunjwa ndani ya kofia. Akaisoma, akacheka mpaka akavua miwani kujifuta machozi. "Hii tisa ya Mzungu, bwana. Saa tatu asubuhi. Kutoka saa tatu asubuhi mpaka saa tisa. Wewe unaanzia pale wenzako wanapofunga. Nani kakusomea?"

Nikanyoosha mkono nirudishiwe karatasi. Alisema asiyejua maana haambiwi maana, akanirudishia karatasi yangu, na kwa wema wake akaniambia nikimletea picha nzuri ya Mwaka wa Makunduchi, ile siku ya mwaka mpya ya kupigana na kuchoma kibanda, ataitia dirishani.

Nilirudi Kikwajuni nimevimba. Sikumkasirikia Mhindi aliyenicheka, nilimkasirikia baba. Miaka miwili ya mikanda, na yote kwa sababu ya mzee asiyejua kusoma saa ya Kizungu ambaye hakutaka kusema hajui. Hivyo ndivyo nilivyomfikiria baba yangu, na nalisema wazi kwa sababu nimelibeba vya kutosha. Lakini kumwambia sikuweza. Baba alikuwa mtu wa heshima mtaani kwetu, watu walimletea barua zao awasomee, na mimi sikutaka kuwa mtu wa kwanza kumwambia kwamba amekosea tisa na tatu.

Nikajaribu kuzunguka. Nikamwambia nnataka tuende Makunduchi siku ya Mwaka.

"Makunduchi mbali," akasema. "Ukitoka mjini saa tisa utafika wanakunja majamvi."

"Tutoke alfajiri, baba."

"Alfajiri nna kazi. Mwaka huu sipewi ruhusa, pana meli. Mwakani, inshallah."

Mwakani ilikuwa mbali, na dirisha lilikuwa karibu. Siku ya Mwaka, baba alipokwenda msikitini kusali alfajiri, nilimuaga mama peke yake nikapanda gari la shamba. Fundi wangu nilishamuomba ruhusa. Kipupwe kilikuwa kikali asubuhi ile, na nilijikunyata kwenye ubao wa gari nikijiambia kwamba sikufanya kosa, mtu mzima hana haja ya kushikiwa mwavuli.

Makunduchi niliyoiona siku ile sijaisahau. Wanaume walishikana uwanjani kwa mashina ya migomba, kila upande unaumwagia mwengine hasira za mwaka mzima, mashina yanapasuka, maji yake yanaruka, na wakimaliza wanakumbatiana hawana neno tena. Wanawake waliingia kwa kanga mpya wakiimba mambo ambayo siku nyengine yangewagombanisha na waume zao. Kibanda cha makuti kikatiwa moto. Jua lilikuwa juu, kweupe, na mimi nilipiga bila ya kukingwa na mtu. Nilipiga picha saba. Ya nane nikaizuia, nikasema labda patatokea kubwa zaidi.

Lililotokea ni mkono wa bibi mmoja kwenye kiwiko changu. Alikuwa mfupi, amejifunga kanga mbili, anasema Kikae cha kwao ambacho nilikishika nusu. Aliniuliza kama nna mwenyeji. Nikamwambia sina.

"Na mimi sina mgeni," akasema, akijilazimisha Kiswahili cha mjini. "Twende."

Sikujua wakati ule kwamba huko kwao Mwaka haukamiliki bila ya mgeni. Asiye na mgeni siku hiyo huona kama amenyimwa jambo, mwaka wote unakuwa na kasoro. Yule bibi alikuwa mjane, wanawe walikuwa Pemba kwa kazi, na tangu asubuhi alikuwa akitafuta mtu wa kumlisha. Msemo wa mgeni njoo mwenyeji apone niliusikia tangu utotoni, lakini yeye ndiye mtu wa kwanza niliyemuona anapona kweli mbele ya macho yangu. Kila nilipotia tonge la wali wa nazi na samaki kinywani, uso wake ulizidi kukunjuka.

"Umekuja na nani?" akaniuliza.

"Peke yangu, bibi."

"Baba yupo?"

"Yupo. Yuko kazini."

"Na yeye hupiga hizi picha?"

"Hapigi. Hunishikia mwavuli."

Nilisema hivyo nikidhani atacheka. Hakucheka. Aliniuliza mwavuli wa nini, nikamueleza mpaka tonge likapoa mkononi. Magari ya kurudi yalijaa jioni ile, basi nikalala kwake. Alfajiri alinipa pakacha lenye mikate ya kumimina na samaki wa kukaanga.

"Mpe baba yako," akasema. "Mwambie na yeye ni mgeni wangu, ila hakufika."

Nilifika nyumbani asubuhi, baba keshakwenda kazini. Nikataka kumuachia mama lile pakacha. Mama alikuwa akipepeta mchele na hakuinua macho.

"Baba yako jana saa tisa alitoa baiskeli nje," akasema. "Akakaa nayo mlangoni. Mimi nikamwambia ulikokwenda, akairudisha ndani. Hilo pakacha lipeleke mwenyewe, mimi si tarishi wenu."

Sikuwahi kuingia bohari la karafuu. Nilisimama langoni na pakacha langu mkononi na kamera begani, pumzi imejaa karafuu, natafuta maneno. Baba alikuwa ndani amesimama mbele ya wachukuzi, wamekaa juu ya magunia wakimsubiri. Karani akatoka ofisini na karatasi ya kazi ya siku, akaibandika ubaoni. Kutoka pale nilipo niliiona vizuri, kwa wino mweusi: 9.

Baba hakuvaa hata miwani. Aliitupia jicho mara moja tu, akageuka.

"Saa tatu, jamaa," akawaambia. "Meli inaanza kupakiwa saa tatu kamili. Inukeni."

Wakainuka. Nami nikabaki pale langoni.

Miaka ishirini alikuwa akizisoma saa za Wazungu kila asubuhi na kuwageuzia wenzake ziwe zetu. Hakuna mtu katika mji mzima aliyeijua 9 ya Mzungu kuliko yeye. Na siku ile ya karatasi alinitazama mimi, akaitazama tarakimu, akafanya hesabu yake nyengine: kijana anapata kamera, asubuhi mimi baba yake nipo kazini, natoka saa nane. Akachagua saa tisa. Nilitaka kukaa chini palepale kwenye vumbi la karafuu nilie, na kama si macho ya wachukuzi ningelia.

Aliniona, akaja.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Ushakula?"

"Nshakula. Hii yako. Bibi mmoja wa Makunduchi kaniambia na wewe mgeni wake, ila hukufika."

Akafungua pakacha, akanusa, akakata mkate, akala kipande. "Mkarimu," akasema. Vipande vilivyobaki akawagaia wachukuzi waliokuwa karibu. Kisha, bila ya kunitazama, "Picha ulipiga asubuhi?"

"Nilipiga asubuhi."

"Mkanda haukuungua?"

Hapo ndipo ningeweza kumwambia kila kitu. Nikayaangalia makombo kwenye ndevu zake.

"Sijui, baba. Pengine umeungua. Karatasi ilisema saa tisa, mimi ndiye sikusikia. Imebaki picha moja."

Alinitazama kidogo. Nadhani alijua. Nadhani alijua pia kwamba najua, na sote tukaliacha hapo, wala hatukulirudia mpaka alipofariki.

"Basi saa tisa," akasema, akarudi kwenye kazi yake.

Alasiri hiyo tulikwenda bustani ya Forodhani. Nilimwambia aufunge mwavuli na akae mwenyewe kwenye benchi. Alikataa, nikamshikilia, akakaa, akauweka mwavuli baina ya magoti na mikono yote miwili juu yake. Mawingu ya kipupwe yalikuwa yameshajaa. Aliniuliza kama mwanga unafaa, nikamwambia unafaa. Nikabonyeza.

Mhindi alisafisha mkanda. Picha moja ya Mwaka, ya wanaume wawili wanaokumbatiana na mashina yaliyopasuka bado mikononi, aliitia dirishani kama alivyoahidi, na nilikwenda kuitazama mara moja tu, na baba. Ya nane aliishika muda mrefu. Uso wa mzee ulionekana, lakini kwa shida, jioni imemwingia mpaka kwenye kanzu.

Namshukuru Mungu kwa picha hiyo kila siku. Namshukuru kwa yule bibi ambaye sikupata kumuona tena, na kwa makuba ya Kidichi yaliyopakwa zaafarani, ambayo wapiga picha wote wa asubuhi hawajayaona.

"Huyu umempoteza kwenye giza," Mhindi aliniambia. "Si nilikwambia? Ungempiga saa tatu."

"Saa tatu yuko kazini," nikamjibu.