Tulivyotengeneza kilindi cha bahari Kolwezi, na mkono uliokimwaga

Wakuu, habari za mlipo.

Hii siyo chai. Nilikuwepo tangu tunafunga kifuniko mpaka kinafunguliwa.

Mimi ni fundi wa maabara ya mgodi hapa Kolwezi. Mzaliwa wa Musonoi. Maji makubwa niliyowahi kuona ni ya bwawa la Nzilo. Bahari ya karibu iko Angola, uvuke Dilolo halafu uendelee na reli mpaka uchoke.

Sasa akaja mwanafunzi wa chuo, dada mmoja anaitwa Mireille, anataka kilindi cha bahari.

Nieleze kidogo. Chini kabisa baharini kuna baridi na presha kubwa. Pale maji hushika gesi ndani yake, vikagandamana kuwa barafu. Wataalamu wanaiita hidrati. Mireille alitaka kuitengeneza na kuchora presha inavyobadilika. Hiyo ndiyo mémoire yake, tasnifu ya kumalizia chuo.

Chuo hakina chombo. Sisi tunacho: autoclave, chungu cha chuma kinene tunachopikia mawe ya shaba kwa asidi. Tukazungushia maji ya barafu na chumvi badala ya moto. Barafu tulinunua kwa mama muuza soda, akadhani tuna harusi.

Shida ilikuwa gesi. Chupa moja tu ya methane, imetoka Lubumbashi baada ya kusubiriwa sana. Ikiisha bila matokeo, Mireille harudi mbele ya jury, jopo la watahini, mwaka huu.

Kwenye vali alikaa tata Ilunga, mzee wetu wa kazi. Mtu makini, hacheki na chombo.

Tukajaza. Tukapoza. Presha ikatulia muda mrefu, nikaanza kusinzia.

Mireille akatoka kwenda uani kufuata barafu. Nyuma yake mshale wa presha ukaanza kushuka. Tata Ilunga hakuuliza mtu. Akafungua vali, gesi yote ikapita kwenye bomba la nje, pyuuu, ikaenda zake juu ya paa.

Mireille akaingia na ndoo.

"Tata, unafanya nini?"

"Presha iko nashuka, mama. Kuko fuite."

"Haina fuite, tata. Gaz ilikuwa naingia mu barafu. Njo ile nilikuwa nangoya."

Kwetu presha ikishuka, hiyo ni fuite, chombo kinavuja, na ndani kuna asidi ya moto. Kwake ikishuka, barafu inazaliwa, ndicho alichokuwa anangoja. Huyu dada alikuwa amewaeleza wakubwa wote, profesa, mkurugenzi, hata mimi nusunusu. Mwenye mkono kwenye vali hakuelezwa. Mazoea yana taabu, wakuu.

Hakulia. Aliweka ndoo chini, akasema tufungue kifuniko haraka.

Chini kulikuwa na kitu cheupe kama ugali ulioshikana na sufuria. Kilikuwa kinachachatika, gesi inatoka. Akapiga picha kwa simu mpaka kikawa maji. Niliumia, nakiri.

Siku ya kutetea mémoire tulikwenda. Tata Ilunga alivaa koti, akakaa nyuma kabisa.

Rais wa jury akauliza kwa nini mchoro unakatika njiani. Mireille akajibu kwamba presha ilitolewa kwa ajili ya usalama. Hakutaja mtu.

Tata Ilunga akasimama bila kuitwa.

"Ni miye njo nilifungula. Siku moya presha ilishuka, nikangoya kidogo. Mwenzangu akaungua macho. Tangu ile siku mi singoyake."

Rais akamwomba akae, kwa heshima. Wakatoka kujadiliana, wakarudi: Mireille amepita, kwa masharti arudie jaribio na kukamilisha mchoro.

Uani tata Ilunga akamfuata. Nilidhani anaomba msamaha.

"Mama, ukirudia, uniite tena. Lakini mbele ya kuanza uniambie: kama bitu biko nakwenda muzuri, mi nitaona nini?"

Mireille ndipo akalia.

Nilichojifunza: tunaelezana hatari tu. Dalili ya heri hatuambiani, halafu ikija tunaifungulia vali.

Kazini kwenu, kuna jambo zuri lililowahi kuuawa na mtu makini? Shusheni hapa, nasoma yote.