Maji Yaliyochemka Bila Moto

Mimi ni Magesa, mtunza maabara wa sekondari moja hapa Butiama. Zamani nilikuwaga nauzia Wakongo dagaa Musoma mjini, na tangu hapo najigamba kwamba Kifaransa nakijua. Shule ilipoletewa mashine ya kunyonya hewa, kitabu chake Kifaransa kitupu, Madam Bhoke wa fizikia akafurahi: "Magesa, bahati yetu wewe upo. Tuwekee kwa Kiingereza, wanafunzi wasome."

Ningekataaje? Nikapiga picha kurasa, simu ikatafsiri, mkono ukanakili. Pampu, vali, kifuniko cha kioo, yote kwa mwandiko wa kujidai, na sahihi chini. Kusoma nilichoandika, hata!

Siku ya jaribio, Madam aliweka glasi ya maji ya bomba ndani ya kile kifuniko, akawasha mashine. Maji yakatoa mapovu, kisha yakatokota kabisa, na moto hakuna! Nimekulia Mugango, kando ya ziwa, maji nayajua, lakini ya namna ile sijapata kuona. "Zima, Madam! Yatatulipukia!" nikapiga kelele, tayari niko mlangoni.

Akazima, akarudisha hewa, akafunua, akachovya kidole. "Ya baridi," akanong'ona. Miaka yote alikuwa akilifundisha jambo hilo bila kuliona, na machozi yalimlengalenga.

Kisha akachukua karatasi zangu, akawasomea wanafunzi kwa Kiswahili: "Hewa ikipungua, maji yatachemka bila moto. Usiogope." Akashuka hadi chini ya ukurasa, polepole: "Mtafsiri, P. Magesa."