Ukurasa wa Kulia

Albamu yetu ilikuwa na kurasa nyeusi, nene, na ukiifungua popote unanikuta mara mbili. Upande wa kushoto ni mimi. Upande wa kulia pia ni mimi, lakini nyumbani kwetu Ziwani, mtaa wa Eastlands, hakuna aliyethubutu kusema hivyo.

Nilizaliwa pacha. Mwenzangu aliondoka kabla hatujaota meno, na kwetu magharibi pacha haliliwi wala hasemwi amekufa. Nyanya alisema ameenda kuteka maji, basi. Tena ukimpa mmoja kitu umpe na mwenzake, asije akanuna akamrudia huyu aliyebaki. Wengine humwaga uji kidogo chini na mambo yakaisha. Mama yangu alikuwa mshonaji, mtu wa kupima kila kitu kwa futi. Yeye akaamua kwamba hata picha ni kitu, na kwamba mwenzangu naye apewe yake.

Kila Desemba, kabla ya kupanda gari moshi kwenda kijijini magharibi, alishona marinda mawili kwa kitambaa kimoja. Langu lilikuwa na kola nyeupe, la pili halikuwa na kola. Tulienda kwa mzee mmoja karibu na soko la Gikomba aliyekuwa na studio yenye maporomoko ya maji yaliyochorwa ukutani. Nilikaa kwenye kigoda, mikono magotini, njia ya nywele upande wa kushoto, nikapigwa picha. Kisha mama alinipeleka nyuma ya pazia, akanivalisha lile rinda la pili, akahamisha njia ya nywele upande wa kulia.

Hapo ndipo mwili uliponisisimka kila mwaka. Nikitoka nyuma ya pazia, mama alinitazama kama mgeni aliyetoka safari ndefu. Kwa sauti ambayo sikuwahi kupewa nyumbani, aliniambia, "Umekua."

Mimi nilikuwa mtoto mkorofi, sikatai, mdomo mbele, na sauti niliyoizoea ni ile ya "toka hapo" na "ona huyu". Nikamwonea wivu maiti. Afadhali nicheke sasa, lakini wakati ule uliniuma kwelikweli.

Kubandika picha ndiko kulikokuwa sherehe yenyewe. Meza ilifutwa, baba akaombwa ahamishe redio yake. Mama alichukua kitambaa kilichobaki akakata ukanda mwembamba, akaubandika chini ya kurasa zote mbili, kutoka kushoto hadi kulia bila kuukata katikati. Picha zilikaa kimo kimoja, umbali mmoja kutoka ukingoni. Alisema kurasa zinazotazamana hazifai kugombana, kwa hiyo ukifungua uone ukurasa mmoja tu. Wageni walioletewa albamu pamoja na chai waliisifu, halafu wakauliza huyu mpole wa kulia ni nani. Baba, mtu wa reli asiyependa maneno, aliwaambia maandazi yanapoa.

Mtaani habari zilifika, si unajua Eastlands. Watoto walinisalimia kana kwamba tuko wawili, "Niaje nyinyi?" kisha wakatimua mbio. Hilo ningelivumilia. Kilichonitisha ni albamu. Mwaka baada ya mwaka yule wa kulia alizidi kunawiri, macho yakachangamka, nami wa kushoto nikakaa na sura ya mtu anayengoja kuitwa. Nikaanza kuogopa kwamba ipo siku mama atanivalisha lile rinda na kuniomba nisilivue tena.

Nilipofika darasa la saba nikasema basi. Nilimwambia mwaka huu napigwa moja, mimi ni mmoja. Nilijiandaa kwa kofi. Mama akatoa pini mdomoni, akasema sawa. Heri angenichapa.

Tukaenda, nikapigwa moja, tukarudi. Siku chache baadaye nilimkuta kwenye cherehani akifumua mishono ya lile rinda lisilo na kola, akiongeza kitambaa ubavuni. Nikadhani analigeuza foronya. Nikamshukuru Mungu.

Picha zilipokuwa tayari nilitumwa mimi. Yule mzee alinipa bahasha bila kunitazama usoni. Ndani zilikuwa mbili. Nilimwambia amekosea, mimi nilikaa mara moja tu.

"Mimi humpiga anayekaa mbele yangu," akasema, akaingia ndani.

Nilitoa ile ya pili pale mlangoni, watu wakinipita na marobota ya mitumba. Nilikuwa mimi. Rinda lile lile, mikono magotini, njia ya nywele kulia, lakini nimezeeka, mashavu yameingia ndani, na ninatabasamu. Ikabidi nishike ukuta. Nilitazama muda mrefu kabla sijaona kidole gumba kilichochomwachomwa na sindano, ndipo nikamtambua mama.

Nilimkuta mezani. Albamu ilikuwa wazi, ukanda umeshabandikwa kutoka kushoto hadi kulia, kona za picha zimetiwa alama pande zote mbili. Kurasa zote mbili zilikuwa bado nyeusi tupu, naye alikuwa akiupangusa ule wa kulia kwa kiganja. Nilimwekea picha mbili mbele yake, ile yake juu. Nilikuwa nimekusudia kumgombeza. Nikasema, "Umetoka vizuri, mama."

Alinishangaa. "Mimi? Mimi sikupigwa picha." Akanisukumia gundi. "Mbandike dada yako."

Nilimtazama nikitafuta hata chembe ya mzaha. Haikuwepo. Baba alikuwa amesimama mlangoni na redio yake mikononi, na kwa mara ya kwanza nilimwona akilia bila kujifuta. Nikachukua gundi, nikajibandika kushoto, nikambandika na yeye kulia, kimo kimoja na mimi, umbali ule ule kutoka ukingoni.

Desemba iliyofuata nilichukua lile rinda sandukuni mwenyewe. Nililivaa bila kuombwa, nikahamisha njia ya nywele kwa mkono wangu. Nilipotoka nyuma ya pazia mama akainuka kwenye benchi, akanishika mashavu, akaniambia nimekua.