Mgeni Wangu wa Mbao

Heri niiseme aibu hii mwenyewe kabla majirani wa Mwabungo hawajawasimulia.

Baada ya fujo za Likoni watalii walipungua Diani, hoteli ikatupumzisha kazi. Wenzangu walirudi bara. Nilibaki peke yangu katika chumba cha kupanga, nikarudia kazi niliyoiacha tangu darasa la nane: kupaka rangi vinyago vidogo, virefu kama kidole.

Nilianza na kinyago cha mzee. Brashi iliteleza, nikamchora pua iliyopinda. "Samahani, mzee," nikamwambia, na tangu hapo tukawa tunazungumza.

Bi Mwanasha, mwenye nyumba, akasikia. "Una mgeni?" akauliza mlangoni.

Ningesemaje kwamba nazungumza na mti? "Ndiyo, mama."

Jioni akaleta sahani mbili za wali wa nazi. Kesho yake vilevile. Nilikula zote, nikamshukuru kwa sauti nzito ya mgeni.

Siku ya tatu akaja na mashoga zake wawili, jembe begani, wanacheka. "Mgeni siku mbili! Mwambie atoke, mihogo inamsubiri!"

"Shikamoo, mama. Ametoka."

"Hebu! Nimemsikia sasa hivi."

Akasukuma mlango. Wakachungulia hadi uvunguni mwa kitanda. Kisha akamwona yule mzee wa mbao mezani, kati ya sahani mbili tupu, pua imepinda. Vicheko vikakatika. Bi Mwanasha akaliweka jembe chini polepole.

"Mwanangu," akasema, "mbona hukuniambia kwamba huna mtu?"